Vidonge Viwili vya Saa Kumi

Tusekile alimjua baba mkwe wake kwa masikio. Miaka kumi na tisa alikuwa ameolewa katika mji ule wa Bujonde, amepika, amefua, ametuma salamu na kupokea salamu, lakini sura ya Mzee Anyisile hakuwahi kuitia machoni hata siku moja. Alichokijua ni kikohozi chake cha alfajiri, mkwaruzo wa ndala zake kwenye changarawe, na fimbo yake inavyogonga kizingiti mara mbili kabla hajatoka. Na ni kwa masikio hayohayo alitambua, Jumatano moja ya mwezi wa nne, kwamba mzee anakwisha.

Kabla hujacheka, sikiliza. Wapo wakamwana wa siku hizi wanaokaa kochi moja na baba mkwe, wakatazama naye taarifa ya habari na kumwambia apunguze sauti. Wako huru, nami siwasemi. Lakini zamani kwa Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe wake waliogopana. Mzee akipita huku, mke huingia migombani na kujitupia kitenge kichwani. Tusekile alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, akashika, na alijivunia kushika. Wenzake walipomtania kwamba amebaki enzi za bibi, aliwajibu kwamba heshima haina tarehe ya kuisha muda kama mkate wa dukani.

Mambo yalikwenda vizuri wakati mama mkwe yu hai. Yule mama ndiye aliyekuwa macho kati ya nyumba mbili: akimwona mumewe amenyong'onyea, anavuka uwanja na kumwambia mkamwana apike nini. Alipofariki miaka mitatu iliyopita, heshima ilibaki na macho yakaondoka, na hakuna aliyefikiri hilo lina madhara. Tusekile aliendelea kupika. Mara tatu kwa siku aliweka sahani juu ya kigoda mlangoni kwa mzee: wali au ndizi, na kando yake usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa wakakauka vizuri, kwa sababu aliambiwa alipoolewa kwamba mzee anawapenda wa hivyo. Kwenye kifuniko cha chupa aliweka kidonge kimoja. Akakohoa, akaondoka. Akirudi alikuta sahani nyeupe, haina hata kichwa cha dagaa, naye alifurahi moyoni kama mtu aliyepewa cheti.

Kidonge kilikuwa cha kifafa. Miaka ishirini na tano nyuma, Mzee Anyisile, wakati huo mwanamume wa miaka hamsini na nne mwenye kifua kama mlango, alianguka kutoka kwenye mchikichi akikata mikungu, akagonga kichwa, na baada ya hapo degedege likamwandama. Hospitali walimwandikia vidonge vitatu kwa siku, degedege likakoma. Tangu hapo vidonge ni vilevile vitatu. Mwanawe Nsajigwa, mume wa Tusekile, ndiye aliyekwenda kuvichukua kila mwezi. Huko huulizwa, "Mzee anaendeleaje?" naye hujibu, "Mzima, tunashukuru," na mfuko hujazwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwili unaovimeza sasa ulikuwa na miaka sabini na tisa.

Wiki tatu kabla ya Jumatano ile fimbo ilianza kugonga ovyo. Badala ya mara mbili, iligonga mara nne, tano, kama mtu anayetafuta ardhi. Kisha ulimi ukawa mzito. Majirani walisema mzee ameanza kunywa uzeeni. Tusekile, ambaye alijua hakuna pombe iliyoingia mlango ule, aliumia na kunyamaza. Nsajigwa alikuwa ng'ambo ya mto Songwe, Karonga huko Malawi, katika biashara zake, na simu yake ilipatikana ilipojisikia.

Jumapili alikuja Felista, binti mkubwa wa mzee, aliyeolewa Ikolo. Felista alikuwa mtu wa kuamua kabla swali halijaisha kuulizwa. Alimkuta baba yake anayumba, akasema kifafa kinarudi, na kwamba mama yao zamani kikinyemelea aliongeza kidonge. Akaongeza kimoja. Jumatatu mzee alianguka mara moja. Jumanne alianguka mara mbili, akatapika. Jumatano hakutoka kabisa, na hiyo ndiyo siku ninayoisimulia.

Saa nane mchana Felista alitoka chumbani kwa baba yake akijifuta mikono. Tusekile alisimama upande wa pili wa uwanja, jikoni, akimsubiri.

"Wifi, hali imechacha," alisema Felista. "Analala tu. Ukimwamsha anaongea maneno hayaeleweki. Kifafa kimekaa mlangoni hiki, kinasubiri."

"Wifi, na kama si kifafa?"

"Kama si kifafa ni nini?"

Tusekile alisogea karibu. Tangu jana kuna hesabu ilikuwa ikimkaba, naye hakuwa na wa kumwambia. "Jumapili umeongeza, Jumatatu akazidi. Jumanne akazidi tena. Kama dawa ndiyo inayomshikilia, mbona kadiri tunavyompa ndivyo anavyoanguka?"

Felista alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeingilia mazungumzo. "Wewe umesomea dawa wapi? Tata alikuwa anaanguka mbele yangu nikiwa msichana, povu mdomoni. Wewe ulikuwa hata hujaja hapa." Akamshika mkono, akamwekea vidonge viwili kiganjani. "Naenda kutafuta pikipiki itakayokubali kuvuka maji ya mafuriko tumpeleke mjini. Nisiporudi mapema, saa kumi kamili mpe hivi. Vyote viwili. Akipatwa na degedege kwa sababu ulikaa kufikiri, wifi, mimi na wewe tutaulizana mbele ya ukoo."

Akaondoka akipandisha sketi, maana njia nzima ilikuwa matope mpaka vifundoni.

Tusekile alibaki na vidonge vile viwili mkononi. Vilikuwa vyeupe, vidogo, na vilimtisha kuliko nyoka. Akivitoa na hesabu yake ikawa kweli, atakuwa amemuua baba wa mumewe kwa mkono wake. Akivinyima na hesabu ikawa uongo, atakuwa amemuua vilevile, na kwa ubishi juu yake. Alikimbia kwa jirani yake Naomi, akakuta mlango umefungwa. Watu wote walikuwa bondeni wakiokoa mpunga usizame. Aliita, hakuna aliyeitika. Saa ya simu ilisema tisa na dakika tano.

Ndipo alipokumbuka kadi yake ya kliniki. Nyuma yake palikuwa na namba ya Jubilate, tabibu wa zahanati. Kwa cheti ni tabibu, lakini huku kwetu kila avaaye koti jeupe ni daktari, na yeye amechoka kukanusha.

"Dokta, mugonile, habari za mchana. Mimi mkamwana wa Mzee Anyisile wa Bujonde. Mzee wangu anaumwa."

Alimweleza yote bila kupanga: fimbo, ulimi, kutapika, kidonge cha nne, na sasa viwili vya saa kumi. Jubilate alimsikiliza bila kumkatiza.

"Amekonda?" aliuliza hatimaye.

"Sijui, dokta."

"Anatembeaje, anatanua miguu?"

"Namsikia anayumba."

"Unamsikia." Jubilate alivuta pumzi. "Haya. Nisikilize vizuri, mama. Inaweza kuwa kifafa kinarudi, na inaweza kuwa dawa yenyewe imemzidi mwilini. Kwa nje vinafanana. Ziko njia za kujua kwa haraka, na moja ni macho. Ingia, mwinue kidogo, mwonyeshe kidole, mwambie akifuate kwa macho kwenda kushoto na kulia. Uniambie macho yanafanya nini."

Tusekile aliutazama mlango wa mzee ng'ambo ya uwanja.

"Mama, upo?"

"Dokta, mimi ni mkamwana."

Jubilate alielewa. Alikuwa Mnyakyusa wa Busale, hakuhitaji kufafanuliwa. "Hakuna mwingine hapo?"

"Hakuna mtu."

"Najua ninachokuomba. Marehemu mama yangu naye hakuwahi kumwona babu yangu. Lakini saa kumi ikifika ukampa hivyo viwili, na ikawa ndivyo ninavyohofia, anaweza asiamke. Nami siwezi kukwambia acha kwa kubahatisha, maana dawa hii ukiikata kienyeji degedege linaweza kumrudia kwa nguvu. Mimi huku sioni kitu. Macho ya kuona ni hayo yako."

Tusekile aliogopa. Niseme wazi, aliogopa kuliko alivyoogopa leba. Si kwamba aliamini radi itampiga. Aliogopa kwa sababu jambo hilo moja alikuwa amelifanya vizuri maisha yake yote, bila kukosea, na leo anaambiwa alivunje kwa mikono yake. Alivuka uwanja. Mlangoni alikohoa, mazoea hayo, kisha akaona upuuzi wa kukohoa, akasukuma mlango.

Chumba kilinuka matapishi na mafuta ya taa. Mzee alikuwa amelala chali, na kitu cha kwanza kilichompiga Tusekile ni udogo wake. Miaka yote alikuwa akisikia sauti nzito ikitoka katika chumba hiki, na akilini mwake aliijengea mwili wa kuifaa. Sauti haikukonda. Mwenye sauti alikuwa amekwisha: mashavu yamezama, mikono mifupa mitupu, ila miguu tu ndiyo imevimba na kung'aa.

"Tata," alisema. "Ni mimi. Nisamehe."

Mzee alimsikia. Na katika hali ile, nusu yupo nusu hayupo, alifanya kitu ambacho Tusekile hatakisahau: aliinua mkono akajifunika uso, asionwe na mke wa mwanawe. Hata kufa alitaka kufa kwa adabu.

Tusekile aliushika mkono ule. Ulikuwa mwepesi. Aliuondoa usoni polepole, akauweka kifuani, machozi yakimtoka, kisha akamwinua mabegani na kumwegemeza kwake.

"Fuata kidole changu, Tata. Tafadhali. Fuata."

Macho yalifunguka. Yalikuwa ya kahawia, yana duara la kijivu pembeni, na yalifanana na ya Nsajigwa hata akashtuka. Alipeleka kidole kulia. Macho yakafuata, na yalipofika pembeni yakaanza kurukaruka, yakivutwa na kurudi, yakivutwa na kurudi. Alipeleka kushoto. Yaleyale.

"Dokta," alisema kwenye simu aliyoiweka kitandani ikiwa kwenye spika, "yanacheza. Hayatulii. Yanatetemeka kama kitu kilichonaswa."

"Pande zote mbili?"

"Zote. Na dokta, amekonda. Amekonda mno. Miguu imejaa maji."

"Usimpe kitu," Jubilate alisema, sasa kwa haraka. "Hivyo vya saa kumi usimpe. Mlaze kwa ubavu asije akapaliwa, na mumpeleke hospitali leo hii, dawa zake zote mbebe. Nawapigia simu hospitali wawasubiri."

Nje pikipiki ilizimwa. Felista aliingia, nyuma yake dereva, Lugano, aliyeishia mlangoni. Felista alimwona wifi yake ameketi kitandani kwa baba yake, kitenge kimeanguka mabegani, kichwa cha mzee kifuani kwake.

"Umemwona Baba," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

"Nimemwona."

"Vidonge viko wapi?"

"Havimezwi, wifi. Dokta amekataza."

"Dokta gani? Dokta wa simu?" Felista alimrukia mkono. "Saa kumi imefika, lete!" Alianza kumfungua vidole, kimoja kimoja, naye alikuwa na nguvu, mwanamke wa jembe. Tusekile alikaza ngumi mpaka kucha zikamchoma kiganja. Hakuwahi kumwinulia Felista sauti maishani mwake.

"Utanivunja vidole kwanza!" alifoka. "Mtazame! Wewe unaruhusiwa kumtazama tangu umezaliwa, mbona humtazami? Mtazame macho yake!"

Sauti ya Jubilate ilitoka kwenye simu, "Dada, fanya hivyo, mwangalie," lakini Felista alikuwa ameshageuka. Alimtazama baba yake. Tusekile alinyoosha kidole cha mkono mwingine, akakipeleka kulia, na yale macho yakaruka. Felista alimwachia mkono. Aliketi chini kwenye udongo, akaita, "Tata," mara mbili, kama mtoto.

Safari sitaisimulia yote. Walimweka mzee kwenye pikipiki, kati ya Lugano na Felista, mpaka pale barabara ilipomezwa na maji; hapo wanaume waliotoka mashambani walimkalisha kwenye kiti wakamvusha, Tusekile, aliyewafuata kwa miguu, akiwa ameshika ndala za mzee na mfuko wa dawa, asijue kwa nini amebeba ndala. Walifika hospitali jua likiwa bado halijazama. Kwa siku mbili mzee hakumtambua mtu. Siku ya pili degedege moja lilimpata kweli, fupi, na Felista alimtazama Tusekile kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno. Tusekile alilala sakafuni chini ya kitanda na hakula.

Siku ya nne mzee aliomba maji kwa sauti inayoeleweka. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuja na karatasi za maabara. Tusekile alikuwa amerudi nyuma ya pazia, kitenge kichwani, kila kitu kama zamani.

"Dawa hii," daktari alimwambia Felista, "ikiingia kwenye damu, sehemu kubwa hushikwa na protini. Iliyoshikwa imetulia tu. Ile kidogo iliyo huru ndiyo inayofika kwenye ubongo na kufanya kazi. Protini ikipungua mwilini, dawa inakosa pa kujishika, inazagaa, na vidonge vilevile vitatu vinakuwa kama vitano. Halafu umri. Ini la mtu wa karibu miaka themanini haliivunji dawa kwa kasi ya zamani. Juu ya hapo mkaongeza. Tutampa, lakini kidogo, na kwa kumpima. Ninachotaka kujua ni kingine. Nani anampikia?"

"Mimi," Tusekile alisema nyuma ya pazia.

"Anakula nini?"

"Samaki. Usipa kila siku, mara nyingine mbasa. Sijawahi kumpa wali mtupu, daktari. Hata siku moja."

Daktari alitazama karatasi yake. "Damu haisemi hivyo. Huyu hajala protini ya maana kwa muda mrefu sana."

Tusekile alisikia Felista akigeuka taratibu kuelekea pazia, na alijua wifi yake anafikiri nini, na kwamba ukoo mzima utafikiri hivyohivyo: samaki walikwenda wapi? Alilishika pazia.

"Mwacheni," ilisema sauti nzito kutoka kitandani. "Samaki alileta. Sikula mimi."

"Alikula nani, Tata?" Felista aliuliza.

"Paka."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliguna, karibu acheke.

"Sina meno," alisema Mzee Anyisile. Alisema akitazama dari, na ilionekana maneno hayo yalimgharimu kuliko ugonjwa wote. "Yameisha zamani. Mama yenu alikuwa ananichambulia kila kitu, ananipondea, wala hamkujua. Alipoondoka nikawa nakula wali na mchuzi. Samaki wakavu wale ningewafanya nini? Kuwarudisha ningemdharau mpishi. Nikampa paka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe uko Ikolo. Nsajigwa yuko njiani siku zote. Nimwambie mkamwana habari za kinywa changu?"

Tusekile alilia nyuma ya pazia, na alilia kwa hasira. Hasira kwa mzee, kwa paka, kwa zile sahani nyeupe zilizomfurahisha, na zaidi kwa nafsi yake, iliyopika miaka mitatu kwa bidii ya ajabu bila mtu wa kumpikia. Daktari alijifanya anasoma karatasi. Kisha pazia lilivutwa na Tusekile akatoka, kitenge mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka kando ya kitanda.

"Maziwa ya mgando unakunywa?" aliuliza.

Mzee aliondoa macho darini. "Nakunywa."

"Mayai?"

"Yasiwe magumu."

"Maharage nikiyaponda?"

"Nakula."

"Mawese unapenda?"

"Hapana," alisema mzee. "Sijawahi kuyapenda."

Miaka kumi na tisa Tusekile aliunga kila mboga ya mzee kwa mawese. Felista aliziba mdomo kwa kiganja.

Mchana huo Felista alileta bakuli la mbasa wa mchuzi kutoka kwa mama lishe wa getini, na akaliweka mikononi mwa wifi yake. Tusekile alinawa. Aliichambua nyama ya samaki kwa vidole, akiipapasa kila kipande kutafuta mwiba, akaiponda na mchuzi ikawa laini, akaichukua kwa kijiko. Mzee Anyisile alimtazama mke wa mwanawe. Mkono wake ulianza kuinuka kuelekea usoni, ukasita, ukashuka. Kisha akafungua kinywa mbele yake, ufizi mtupu, akangoja kulishwa.